Tumbo linakaza mimba ya miezi minane, tisa: uchungu wenyewe au bado? Tujadili hapa

MamaWawili

Habari za humu wapendwa.

Kila wiki naona mama kijacho anauliza swali lilelile: "Tumbo linakaza halafu linaachia, ndio uchungu umeanza?" Na kila wiki jibu la kwanza linalowekwa chini yake ni "ukiwa wenyewe utajua tu." Jibu hilo liliniponza. Naomba leo nieleze kwa urefu, na wenye ujuzi kuliko mimi wanisahihishe nitakapokosea.

Mimba ya kwanza nilikwenda hospitali mara tatu. Mara ya kwanza wiki ya 38, saa tisa usiku, begi mkononi. Nikapimwa njia, yaani shingo ya kizazi, imefunga. Nikarudi nyumbani. Siku tatu baadaye nikaenda tena, imefunga, nikarudi. Nesi hakunisema vibaya hata kidogo, ila aibu niliyotoka nayo mlangoni ilinikaa. Mara ya tatu nilifika njia imefunguka sentimita 5 na mwanangu akazaliwa salama.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nikosee kwenye mimba ya pili. Nilikuwa wiki ya 33. Jioni kiuno kikaanza kuuma kama siku zangu zinataka kuja, tumbo la chini likawa zito, linakaza, linaachia. Nikajiambia hii naijua, ni ile ya uongo, safari hii sirudishwi na mtu. Nikanywa maji nikalala kidogo. Ikaendelea. Nikaamka nikaanza kufua nguo za mtoto, kila ikija nashika ukingo wa beseni nangoja ipite. Kuna wakati niliukaza mkono mpaka alama ya beseni ikabaki kiganjani. Na saa sikuitazama hata mara moja.

Nilipofika hospitali saa saba usiku, ikiwa imeshapita saa sita tangu ianze, njia ilikuwa sentimita 8. Kuna sindano anazochomwa mama mwenye uchungu wa mapema ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Nilichomwa ya kwanza, lakini dawa ile inataka saa nyingi ifanye kazi, na vizuri zaidi ipate siku nzima. Mwanangu hakunipa hata saa moja. Alizaliwa, akalia kidogo, akachukuliwa. Alikaa chumba cha watoto njiti siku 19. Leo ana miaka mitatu, mzima wa afya, anakimbia. Lakini zile saa sita nilizokaa nyumbani sijazisahau.

Kwa hiyo kabla sijaenda mbali: mambo ya kujipima nyumbani ni ya mama aliyetimiza wiki 37. Chini ya hapo, tumbo likikaza kwa mpangilio, au kiuno kikiuma kwa kuja na kuondoka, au ukihisi mtoto anakandamiza chini, au ute wa ukeni ukibadilika ghafla ukawa wa majimaji au wenye damu, usikae kupima. Nenda. Ukirudishwa, utakuwa umerudishwa na mtu aliyekupima.

Sasa tuje kwenye tumbo lenyewe.

Mji wa mimba ni msuli, na msuli kazi yake ni kukaza na kuachia. Huanza kufanya hivyo mapema, ila wengi huanza kuhisi baada ya wiki ya 20 hivi, na aliyekwisha kuzaa huhisi mapema kuliko wa mimba ya kwanza. Daktari mmoja Mwingereza, John Braxton Hicks, alilieleza jambo hili mwaka 1872, ndiyo maana kliniki mnaweza kusikia likiitwa kwa jina lake. Sisi tumezoea kusema uchungu wa uongo. Tumbo linakuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo, mara nyingi mbele tu, pengine upande mmoja limejitokeza kuliko mwingine. Linakaa hivyo sekunde kadhaa, au dakika moja, mbili, kisha linalegea. Wengi wanasema halimuumizi mtu sana, linambana tu. Huja ukiwa umechoka, umesimama muda mrefu, una kiu, kibofu kimejaa, baada ya tendo la ndoa, au mtoto akijigeuza kwa nguvu. Ukibadilisha mkao, ukikojoa, ukinywa maji, ukilala ubavu, mara nyingi linakwisha.

Uchungu wa kweli haubembelezwi hivyo. Ukilala upo, ukitembea upo na pengine unazidi. Kwa wengi huanzia kiunoni ukazunguka hadi tumbo la chini, wengine unateremka mapajani, na wengine wanausikia mbele tu toka mwanzo hadi mwisho.

Ila haya ya kunauma wapi na kunauma kiasi gani ndiyo yaliyonipoteza mimi. Maumivu yangu ya wiki ya 33 yalikuwa madogo kuliko yale ya wiki ya 38 niliyorudishwa nayo. Kinachotazamwa ni mwendo. Unakaribiana? Unarefuka? Unazidi nguvu? Na mwendo huwezi kuukisia ukiwa umelala na maumivu gizani. Unauandika.

Chukua karatasi. Tumbo likianza kukaza, andika saa. Likiachia kabisa, andika limechukua sekunde ngapi. Likianza tena, andika saa. Unahesabu toka mwanzo wa moja hadi mwanzo wa jingine. Mfano, limeanza saa 8:10, likaachia baada ya sekunde 50, jingine likaanza saa 8:17. Hizo ni dakika 7. Wengi wanahesabu ule muda wa kupumzika tu katikati, wanadhani umekaribiana kuliko ulivyo.

Daftari la mimba ya kwanza ninalo mpaka leo. Usiku wa kurudishwa imeandikwa dakika 9, 14, 6, 20, 11, kisha nusu saa nzima hakuna kitu. Usiku wa kujifungua ni 10, 10, 8, 9, 7, 6, 6, 5, na sekunde zimetoka 35 zimefika 60. Hata asiyejua lolote la uzazi ukimpa kurasa hizo mbili ataona. Na daftari hilo lilikuwa kabatini usiku ule wa beseni. Sikulifungua.

Hesabu niliyofundishwa kwa mimba ya kwanza iliyotimia na isiyo na shida yoyote ni hii: kila dakika 5, kila mmoja unakaa kama dakika 1, na hali hiyo imeendelea saa 1. Ukifika hapo, ondoka. Aliyekwisha kuzaa asingoje hapo, na anayekaa mbali na hospitali asingoje pia.

Karibuni.

MkungaWaUsiku

Dada MamaWawili, pole sana kwa uliyopitia, na asante kwa kuandika. Mimi ni mkunga. Uliyosema ni sahihi, naomba niongeze machache.

Kwanza jina. "Uchungu wa uongo" silipendi, kwa sababu mama akiambiwa uchungu wake ni wa uongo anasikia kama ameambiwa yeye ndiye mwongo. Tumbo lilikuwa linakaza kweli. Mimi wagonjwa wangu nawaambia mji wa mimba unafanya mazoezi.

Pili, tumia mkono. Weka kiganja juu ya tumbo, pale juu kabisa karibu na mbavu, na vidole vimetulia, usibonyeze. Tumbo likikaza, bonyeza kidogo kwa ncha za vidole. Ukisikia kama unabonyeza ncha ya pua yako, huko ni kukaza kudogo. Ukisikia kama kidevu, ni kwa kati. Ukisikia kama paji la uso, halibonyei kabisa, hapo kumekaza kwa nguvu. Sisi leba tunaweka mkono hivyo hivyo. Jambo la muhimu kuliko hilo: tumbo LAZIMA lilegee katikati. Tumbo lililo gumu kama ubao muda wote, haliachii, na linauma mfululizo, hilo si mazoezi wala si uchungu wa kawaida. Kondo la nyuma linaweza kuwa limeanza kubanduka. Hapo hakuna kuhesabu, hata kama damu haijatoka, maana damu inaweza kujificha ndani.

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Kati ya mazoezi na uchungu uliokolea kuna kipindi kirefu cha katikati. Shingo ya kizazi haianzi kwa kufunguka tu. Miezi yote imekuwa ndefu, ngumu, imefunga, imeelekea nyuma. Inabidi kwanza ilainike, isogee mbele, ifupike, ndipo ifunguke mpaka sentimita 10. Kazi hiyo ya mwanzo inaweza kuchukua saa nyingi, kwa mimba ya kwanza hata siku mbili za kuja na kukatika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unahesabu kwamba uchungu umekolea kuanzia sentimita 5, na ukisema wazi kwamba hicho kipindi cha kabla yake hakina urefu maalumu. Kwa hiyo unaweza kuwa na uchungu wa kweli kabisa, njia sentimita 2, ukaambiwa nenda nyumbani upumzike. Hukukosea kuja. Ule ni mwanzo, na mwanzo wake ni mrefu.

Dada, hata hizo safari zako mbili za wiki ya 38, sina hakika kwamba zilikuwa bure. Mara nyingi ndipo shingo inapolainika.

MamaWawili

Umenigusa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

BabaKijacho

Wakuu, mimi ni mwanaume, mke wangu yuko wiki ya 36 mimba ya kwanza. Naomba kuuliza, mimi kazi yangu hapo ni ipi? Nisije nikawa nimesimama tu.

MkungaWaUsiku

Kaka, swali zuri. Saa ishike wewe. Mwenye uchungu hawezi kuutazama mshale wa sekunde. Akianza, anakunyooshea mkono au anasema "sasa", wewe unaandika. Wakati tumbo limekaza usimuulize chochote, hata "unajisikiaje". Muulize likishaachia. Na hapo utapata kipimo kimoja ambacho wakunga tunakiamini sana: kama anaweza kuendelea kuzungumza na wewe, kucheka, kutumia simu huku tumbo limekaza, bado. Akianza kukatisha sentensi katikati, anafumba macho, anapumua tu, mambo yamebadilika.

Mengine ni ya kufanya kabla. Jua usafiri wa usiku utakuwa upi, na wa pili kama huo umekosekana. Kadi ya kliniki iwe ndani ya begi, isiwe kabatini. Namba ya hospitali iwe kwenye simu zenu wote wawili. Na kwa kuwa mko wiki ya 36, kumbuka alichosema dada hapo juu, wiki hii yote mkiona mpangilio hamjipimi nyumbani.

Nyota38

Jamani samahani, nimekuja mbio. Niko wiki 38 na siku 2, mimba ya kwanza. Toka saa tatu usiku tumbo linakaza, naona kama kila dakika 8 hadi 12. Sasa ni saa tano kasoro. Linauma kiasi, kiuno pia. Naogopa. Niende au ningoje?

MkungaWaUsiku

Mdogo wangu, nipo. Nijibu haya kwanza, moja moja. Mtoto anacheza kama kawaida yake? Kuna damu yoyote? Kuna maji yanatoka? Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au vimulimuli, au una maumivu makali chini ya mbavu? Una homa? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la uzazi? Kliniki walikwambia mtoto ametanguliza kichwa? Presha yako ya mwisho walisema nini?

Nyota38

Anacheza sana, hata sasa. Damu hakuna, maji hakuna. Kichwa hakiumi, macho yako sawa, homa sina. Sijawahi kufanyiwa upasuaji. Kichwa kiko chini walisema Jumatatu, na presha nzuri.

MkungaWaUsiku

Vizuri. Piga simu hospitali yako uwaeleze hivihivi ulivyonieleza, wao ndio wenye faili lako na neno lao ni kubwa kuliko langu. Wakati unangoja, nenda ukojoe hata kama huhisi mkojo. Kunywa maji glasi mbili. Oga maji ya uvuguvugu. Kisha lala ubavu wa kushoto, si chali, na mtu akuandikie saa kuanzia sasa, dakika 60 kamili. Kikibadilika chochote kati ya nilivyokuuliza, achana na saa, ondoka.

Nyota38

Nimepiga. Wamesema hivyohivyo, niandike saa moja, ukiwa chini ya dakika 5 au maji yakitoka niende. Mume wangu anaandika.

ShangaziWaWote

Nyota usiogope mwanangu. Mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, ukiona ameacha kucheza ujue ndio saa yake imefika.

MkungaWaUsiku

Shangazi, shikamoo. Najua unasema kwa mapenzi, na wengi tumelelewa na maneno hayo, lakini hili naomba nilipinge kwa nguvu zote maana linaua watoto. Mtoto hatakiwi kupunguza kucheza kabla ya uchungu wala wakati wa uchungu. Nafasi ikiwa ndogo anaweza kubadilisha namna ya kucheza, akawa anajinyoosha na kujisukuma kuliko kurusha mateke, lakini wingi haupungui. Mama akiona mtoto amepunguza kucheza kuliko kawaida yake, anatakiwa kwenda siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, tumbo likaze lisikaze. Asingoje asubuhi. Mtoto anayenyamaza anaweza kuwa amepungukiwa na hewa.

ShangaziWaWote

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Nimefuta usemi wangu, nisimpotoshe mtu.

WaMshono

Naomba kuuliza kabla uzi haujaenda mbali. Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji, sasa niko wiki ya 37 na daktari amesema naweza kujaribu kwa njia ya kawaida. Hesabu ya dakika 5 inanihusu?

MkungaWaUsiku

Haikuhusu, dada. Wewe ukiona mpangilio umeanza tu, ondoka. Kovu la upasuaji kwenye mji wa mimba linahitaji kuangaliwa na watu wenye vifaa toka mwanzo. Na ukisikia maumivu pale kwenye kovu yanayobaki hata tumbo likiwa limelegea, au maumivu ya ghafla kama kitu kimechanika, hiyo ni dharura kubwa. Wewe na wenzako wenye mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio, presha, kisukari, au kondo lililokaa chini, mpango wenu mpangiwe na daktari kabla, uandikwe kwenye kadi.

TunuM

Mimi langu ni kuhusu maji. Juzi nililowa kidogo, sikujua ni mkojo au chupa imepasuka. Nilidhani chupa ikipasuka yanamwagika kama ndoo.

MkungaWaUsiku

Kwa wengine yanamwagika, kwa wengine ni tone tone siku nzima. Kojoa, vaa pedi safi, tembeatembea nusu saa, kisha itazame na uinuse. Mkojo una harufu yake. Maji ya uzazi hayana harufu kali, ni meupe ya kuona ng'ambo au ya manjano hafifu, na hujikamui wala hujizuii, yanatoka tu. Ukiwa na shaka nenda ukapimwe, usikae nayo, na usiingize kitu chochote ukeni. Kwa mimba iliyotimia, kama mama mmoja kati ya kumi chupa yake hupasuka kabla uchungu haujaanza, kwa hiyo kukosa maumivu si sababu ya kubaki nyumbani. Mlango ukishafunguka wadudu wanaweza kupanda. Maji yakiwa ya kijani au ya kahawia, mtoto amejisaidia ndani, hapo ni haraka. Na ikitokea, si jambo la kawaida lakini mjue, mama akaona au akahisi kamba imetangulia ukeni baada ya maji kumwagika, huo ni kitovu cha mtoto. Apige magoti, kifua chini, makalio juu, akae hivyo hadi msaada ufike. Asijaribu kuirudisha.

Ute mzito wenye michirizi ya damu ni jambo jingine. Huo ni kizibo cha shingo ya kizazi. Unaweza kutoka uchungu ukaanza siku hiyo, au ukakaa siku kadhaa. Peke yake haukimbizi mtu kama umetimiza wiki 37. Damu nyekundu inayotiririka kama ya hedhi, hiyo inakimbiza.

MamaWawili

Niongeze hapo: mtu asimeze dawa yoyote ya "kuongeza uchungu" au kuanzisha, iwe ya kuchemsha au ya kidonge. Hospitali penyewe dawa za namna hiyo wanazitoa kwa kipimo huku wamekukalia karibu, wanasikiliza moyo wa mtoto.

MkungaWaUsiku

Kweli kabisa. Mji wa mimba unaweza kukaza mfululizo bila kuachia, hata ukapasuka. Na upande wa kutuliza maumivu, msinywe diklofenaki wala ibuprofeni mimba ikiwa kubwa, zinaweza kuathiri moyo na figo za mtoto. Paracetamol kwa kipimo chake inaruhusiwa kama hospitali haikukukataza.

Nyota38

Nimerudi. Saa imeisha. Mume wangu ameandika 11, 9, 13, 10, kisha dakika 17. Tumbo limelegea, nimesikia usingizi. Sijui nifurahi au nilie.

MkungaWaUsiku

Lala, mdogo wangu. Usingizi huo utauhitaji. Ukirudi hata kesho usiku, unaanza kuandika upya, na usione haya kupiga simu mara ya pili. Sisi hatuweki hesabu ya mara ngapi mama amepiga.

BabaKijacho

Dada Nyota pole. Tunakuombea.

WaMshono

Nimepiga simu kliniki leo, wameandika kwenye kadi yangu kwamba nije mwanzo wa uchungu. Sikuwa nimeuliza kabla. Shukrani kwa uzi huu.

Nyota38

Wapendwa, ni siku ya tano toka niandike hapa. Mnisamehe kuchelewa, naandika kwa mkono mmoja, wa pili amelala juu yake.

Jumamosi ilirudi tena ikakatika. Jumapili mchana nikatoka ute wenye michirizi, nikapiga simu, wakasema endelea kuangalia. Usiku saa mbili ikaanza nyuma, kiunoni. Nilikojoa, nikanywa maji, nikaoga, nikalala kushoto, kama nilivyoelekezwa. Haikukatika. Nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu, namweleza habari ya mashuka, na katikati ya neno nikanyamaza. Sikuweza kulimalizia. Yeye akasema "haloo, haloo," nami namsikia ila siwezi kujibu. Ilipoachia mume wangu alikuwa ameshachukua karatasi. 8, 7, 7, 6, 6, 5, 5, 5, 4. Mkono juu ya tumbo, lilikuwa paji la uso kweli.

Nilipofika, njia sentimita 6. Mtoto wa kike, kilo 3.1, alfajiri.

MamaWawili

Hongera sana Nyota! Hongera baba! Nimesoma nikiwa jikoni machozi yananitoka.

MkungaWaUsiku

Hongera mama. Sasa sikiliza, damu ikijaza pedi moja ndani ya saa moja, au ukipata homa, au kichwa kikali, siku hizi na wiki hizi za mwanzo, rudi hospitali. Hata kama mtoto amelala vizuri.

BabaKijacho

Hongereni. Sisi tumeingia wiki ya 37 leo. Dada Nyota, zile saa mliandika kwenye simu au karatasi?

Nyota38

Karatasi, kaka. Simu ilikuwa inatafuta usafiri.